Mama Utepe, Aliyepuliza Dawa ya Magugu Bustanini

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, tumekuja kumsindikiza mtu ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina moja tu, Mama Utepe. Wapo pia mlioifahamu sauti yake kabla ya sura yake. Kama umewahi kukatisha kwenye nyasi za bustani ya manispaa asubuhi ya msimu wa dawa, uliisikia sauti hiyo ikitoka nyuma ya barakoa: "Mpendwa, hapo bado pabichi, zunguka huku." Familia imeona wasifu huu usomwe bila kupambwa. Yeye mwenyewe kila alipohudhuria msiba na kusikia marehemu akimwagiwa sifa, alimwinamia aliyekaa naye na kunong'ona, "Huyu wanayemsoma mbona mimi simjui?" Hatutaki leo naye ajiulize hivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1953, katika chumba kilichokuwa nyuma ya kibanda cha baba yake, fundi viatu. Mama yake alifua nguo za watu, kwa hiyo nyumba yao ilinukia gundi upande mmoja na sabuni upande wa pili. Alikuja duniani kabla ya siku zake, mdogo kiasi kwamba mkunga hakutaka kutoa matumaini. Baba yake alipenda kusimulia kwamba alimpima mtoto kwa kiatu cha mteja, kiatu cha mwanamume mwenye mguu mkubwa, akaona wanalingana, akasema, "Basi huyu atasimama mwenyewe." Alikuwa na dada mmoja aliyemzidi miaka sita, na huyo ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea, na hata baada ya kujua kutembea.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960 na kuimaliza mwaka 1967. Hesabu alizipenda, kuimba kulimshinda, na kwaya ya shule haikulalamika. Mwalimu wa michezo ndiye aliyegundua kipaji chake. Kila ulipokaribia mchezo alimwita yeye kuchora mistari ya chokaa uwanjani, kwa kuwa watoto wengine walitazama miguu yao na mstari ukaenda upogo, lakini yeye alitazama goli la mbele, akatembea, na mstari ukanyooka. Angeweza kuendelea na masomo, ila mwaka ule mikono ya mama yake ilivimba viungo na kushindwa kukamua nguo. Yeye na dada yake wakalichukua beseni. Watu walipomsikitikia kwamba alikatishwa masomo, alisema hakukatishwa, aliitwa nyumbani, na mtu akiitwa nyumbani anakwenda.

Walifua kwa miaka mingi. Dada yake aliolewa, akapata binti mwaka 1977, akaachika, akarudi na binti mgongoni. Nyumba ikawa ndogo na midomo ikaongezeka. Ndipo mwezi wa Agosti 1979 marehemu akaenda kuomba kazi ya kufagia katika bustani ya manispaa, ile iliyopo kati ya soko na posta, yenye njia za vibamba vya saruji, bembea za minyororo na bwawa la bata. Alipewa ufagio, toroli na sehemu ya kwenye bembea, kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Sehemu ile ilijaa mbigili. Wasioijua mbigili ni wale wasiowahi kutembea peku. Ni gugu linalotambaa chini kama halina habari na mtu, lina ua dogo la njano, kisha linatoa mbegu yenye miiba inayotoboa hata ndala. Marehemu alikuwa akifagia na kusikia vilio, anaacha ufagio, anampakata mtoto wa watu asiyemjua na kumchomoa miiba kwa kucha.

Dawa ya magugu ilipulizwa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa kila mvua, magugu yakiwa bado machanga. Mwaka 1983 mpulizaji aliyekuwepo alihamia mji mwingine, na msimamizi wa bustani akawakusanya wafagiaji wote mbele ya stoo. Aliiweka pampu ya mgongoni juu ya meza, imejaa maji mpaka shingoni, akauliza nani anaweza kutembea nayo asubuhi nzima. Wanaume walianza kuzungumzia migongo yao. Mmoja aliwahi kuanguka kwenye ngazi, mwingine alilala vibaya.

"Nipe niijaribu," marehemu alisema.

"Ni nzito, mama."

"Nimebeba mtoto wa dada yangu na ndoo ya maji kwa pamoja. Hiyo haina hata miguu ya kunipiga mateke."

Alivaa mikanda, akazunguka bwawa la bata, akarudi na kuiweka mezani. Wiki iliyofuata aliurudisha ufagio, akapelekwa mafunzo ya kuchanganya dawa na kuvaa glovu, miwani, aproni na buti za mpira. Akawa mwanamke wa kwanza kupuliza dawa katika bustani ile, na kwa muda mrefu alikuwa wa pekee.

Ni vyema wajukuu wasikie kazi hii ilivyokuwa, maana wao walimwona bibi wa kwenye kiti. Aliamka mapema ili auwahi upepo, kwa sababu upepo ukiamka dawa inakwenda inakotaka yenyewe. Alichukua kiganja cha vumbi, akalidondosha, na kama vumbi lilikwenda pembeni badala ya chini, hakupuliza, akashika fyekeo. Dawa ilitiwa rangi ya bluu ili mpulizaji ajue alikopita. Akatembea kama alivyotembea uwanjani shuleni, macho mbele, mkono wa kushoto ukipampu, mkono wa kulia ukipeleka bomba huku na huku, na nyuma yake zikabaki alama za bluu kwenye magugu ya majani mapana, nyasi zenyewe zikiachwa zipone. Kabla ya yote hayo alizungushia eneo lote utepe mwekundu na mweupe, na haukutolewa mpaka nyasi zimekauka na yeye mwenyewe amezipapasa. Wapulizaji wengine walisimika kibao kimoja na kwenda kunywa chai. Yeye alifunga utepe kwenye kila mti, kila benchi, na siku moja kwenye mguu wa meza ya mzee aliyekuwa akicheza bao la dama na kukataa kuhama. Hapo ndipo jina la Mama Utepe lilipozaliwa, kabla hajawa mama wa mtu yeyote.

Utepe huo huo ulimletea mume, ingawa kwa kuanza ulimletea ugomvi. Alikuwepo mpiga picha wa bustanini, kijana mwenye kamera shingoni na kofia ya kitambaa, ambaye maisha yake yote yalitegemea sehemu moja mbele ya kichaka cha maua mekundu, ambako mwanga wa asubuhi ulikuwa mzuri. Asubuhi moja alifika na maharusi na wapambe wao, akakuta sehemu yake imezungushiwa utepe.

"Dada, nipishe dakika chache tu," alisema. "Hawa watu hawaoi kila siku."

"Hata viatu vyao hawanunui kila siku. Pabichi hapo."

"Sasa niwapige wapi?"

"Kule kwenye bwawa."

"Kule kuna bata."

"Bata hawajakataa kupigwa picha."

Maharusi walicheka, wakaenda kwenye bwawa, na picha ile ikawa nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, bata mmoja akiwa ameingia katikati kama mjomba wa bwana harusi. Mpiga picha hakushukuru. Msimu uliofuata alikuja kugombana tena, na uliofuata tena. Dada wa marehemu, aliyekuwa akimletea chakula cha mchana, ndiye aliyeona kwamba yule kijana hugombana akiwa amevaa shati safi. Siku moja mpiga picha alimfuata marehemu stoo akiwa anasuuza pampu na kumwambia kwamba ana maombi mawili. La kwanza, amwambie mapema ni siku gani ataizungushia ile sehemu. La pili, amruhusu aje nyumbani kwao kujitambulisha.

"La kwanza siwezi," marehemu alimjibu, "linategemea upepo."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Desemba 1986. Msimu ulikuwa umeisha siku chache tu nyuma, glovu ya kulia ilikuwa imetoboka, na bibi harusi alisimama mbele ya watu akiwa na vidole vya bluu. Mawifi walihangaika na limau na mchanga na haikusaidia kitu. Mumewe alikataa katakata wasimfiche mikono kwenye maua. Picha hiyo ndiyo iliyochapishwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kijitabu mlichoshika, na mkiitazama vizuri mtaona kwamba si kasoro ya mashine.

Mungu aliwajalia mtoto wa kiume mwaka 1988. Mwaka 1990 dada wa marehemu aliugua homa ya mapafu na kufariki. Binti yake alikuwa na miaka kumi na mitatu, umri ambao mtoto hana hamu ya kuhamia kwa mtu. Alifika na begi na kukaa ukingoni mwa kitanda bila kulifungua. Marehemu hakumwambia alifungue. Alilala naye chumba kimoja, kila asubuhi akalizunguka begi wakati wa kufagia, mpaka siku ambayo binti mwenyewe alitaka sweta. "Mama Mdogo," alisema, "kuna kabati la kuweka hivi?" Mume alitoa sanduku zima la picha zake kabatini asubuhi ile ile, na miaka yote iliyobaki picha hizo zilikaa chini ya kitanda. Huyo binti ndiye anayewasomea maneno haya.

Sasa tufike mwaka 1998, kwa kuwa yaliyotokea mwaka ule yamesimuliwa kwa namna nyingi na nyingine zimetiwa chumvi. Ng'ambo ya barabara ilikuwa imefunguliwa shule ya chekechea, na watoto waliletwa kucheza kwenye bembea kila asubuhi. Mwezi wa Machi, wiki ya kwanza ya dawa, watoto kadhaa waliamka macho yamevimba na kuwa mekundu. Daktari mmoja alisema ni ugonjwa wa macho wa kuambukizana. Mwingine alisema hawezi kujua. Wazazi wao walikuwa wameziona zile alama za bluu kwenye nyasi, na hawakuhitaji daktari wa tatu.

Marehemu alifika getini asubuhi akakuta watu wamesimama, mbele yao mwalimu wa chekechea, mwanamke mwembamba wa rika lake. Msimamizi wa bustani alikuwa pembeni na kola ya shati imelowa jasho.

"Wewe ndiye unayewamwagia watoto wetu sumu?" mwalimu aliuliza.

Msimamizi alianza kusema kwamba malalamiko yana utaratibu wake. Marehemu alivua miwani ya kazi.

"Ndiyo, ni mimi ninayepuliza," alisema. "Kwenye bembea nilipuliza wiki iliyopita. Nilifunga utepe, nikautoa palipokauka. Sidhani kama ni dawa. Lakini siwezi kukuapia."

Wengi waliokuwepo wanasema hasira ilikosa pa kushikia. Walikuwa wamejiandaa kukanushiwa. Mwalimu aliuliza, kwa sauti ya chini zaidi, kwa nini basi apulize mahali pa watoto. Marehemu aliinama pale pale getini, akachomoa mbegu ya mbigili kutoka kwenye soli ya kiatu cha mwalimu mwenyewe, na kumwekea kiganjani.

"Kwa sababu ya hii. Nimewachomoa watoto hizi kabla shule yenu haijafunguliwa."

Siku ile hakupuliza popote. Msimamizi alimvuta kando na kumwambia wazi kwamba wapulizaji, naye akiwemo, ni vibarua wa msimu, na huhesabiwa kulingana na eneo la kupuliza. Akiiacha sehemu ya bembea na njia zake zote, patahitajika mtu mmoja pungufu, na yeye msimamizi hatamwondoa mtu mwingine ili amlinde aliyekataa kazi. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu wa haki, na haki ndiyo ilikuwa inasema hivyo.

Jioni, marehemu na mumewe walikaa jikoni. Kijana wao alikuwa darasa la nne, binti alikuwa chuo cha ualimu, na watu walikuwa wameanza kununua kamera zao wenyewe, kwa hiyo kazi ya picha ilikuwa inakohoa. Mume alimenya viazi, yeye akakata.

"Kwani unaamini ni dawa?" mume aliuliza.

"Siamini."

"Basi tatizo nini?"

"Nikipita pale na bomba kesho, yule mwalimu atanitazama, na mimi nitakuwa sina uhakika. Nimefanya kazi hii miaka yote nikiwa na uhakika. Sijui kuifanya bila huo."

Mume alimenya kiazi kingine. "Nyumba itabana."

"Itabana."

"Na ukikaa nyumbani utatutoa roho kwa usafi."

"Hilo nalo lipo."

"Haya," mume alisema. "Fanya. Viazi vinatosha?"

Asubuhi marehemu alimwambia msimamizi kwamba sehemu ya bembea isipulizwe tena, itang'olewa kwa mkono. Msimamizi alisema hana mtu wa kung'oa. Akajibu kwamba atang'oa yeye, Jumamosi, nje ya saa za kazi, wala haombi chochote zaidi ya ruhusa na magunia. Jumamosi ile alipiga magoti peke yake na kisu cha kuchimbia, akianzia kwenye mzizi, maana mbigili ukiikata juu inakucheka na kuota upya. Mwalimu wa chekechea alikuja na kusimama chini ya mti, mikono kifuani. Hakuja kusaidia. Alikuja kuhakikisha. Akasimama muda mrefu, kisha akauliza kama kuna kisu kingine.

"Kipo," marehemu alisema, "lakini hiyo sketi yako itaharibika."

"Ni ya zamani."

"Haionekani ya zamani."

"Nimesema ni ya zamani."

Hivyo ndivyo ulivyoanza urafiki ambao ulidumu mpaka wiki hii. Jumamosi iliyofuata mwalimu alikuja na wazazi wanne, na baadaye wakawa hawahesabiki. Mbigili haikuisha mwaka ule wala uliofuata. Mwaka wa tatu watoto walianza kuvua viatu kwenye bembea bila kuulizana.

Gharama yake ilikuwepo, na tusiifiche. Mvua za pili za mwaka 1998 zilipoanza, marehemu hakuitwa kazini, wala mwaka wote uliofuata. Alirudi kwenye beseni na kufua nguo za watu kama zamani. Mumewe alikuwa amesema kweli, maana alipangusa meza ambazo hazijachafuka na kufagia mpaka uani kwa jirani. Zipo siku alisimama mlangoni asubuhi bila upepo, anatazama anga, anarudi ndani. Alipoulizwa kama anajuta, alisema anajuta kukosa pampu, hajuti kuiacha. Jumamosi zake hakukosa hata moja, ingawa hakuwa mwajiriwa wa bustani na mlinzi mpya alitaka kumtoza maelezo getini.

Mwaka 2000 mpulizaji mmoja alistaafu, na msimamizi akatembea mwenyewe mpaka nyumbani kwa Mama Utepe. Alimkuta amezama kwenye povu mpaka kwenye viwiko. Walipokaa, msimamizi alizungumzia mvua, akazungumzia bei ya sabuni, akamaliza chai yake yote, ndipo akasema, "Njia za vibamba zimeota magugu mpaka watu wanajikwaa. Hao niliowabakiza wanatembea upogo."

"Na bembea?"

"Bembea ni yenu. Sigusi."

Alirudi kazini msimu ule na kupuliza njia, kingo za bwawa na uwanja mkubwa mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2011. Katika miaka hiyo ya mwisho aliwafundisha wapulizaji vijana wawili, wa kike na wa kiume, ambao leo wapo hapa na ndio waliomwomba msimamizi wa sasa aahirishe dawa ya mwisho ya msimu iliyokuwa ipulizwe wiki hii. Aliwasumbua kwelikweli. Aliwatembeza na pampu ya maji matupu kwenye vibamba vikavu ili aone alama wanazoacha, na alama ikipinda aliwarudisha mwanzo, yeye akiwa amekaa kwenye benchi anakula chungwa.

Kustaafu kulimkubali kuliko tulivyotegemea. Alikuwa na wajukuu wa kulea na mume wa kuzozana naye. Walikuwa wakienda bustanini wawili, wanakaa kwenye benchi la karibu na bwawa, mume anapiga picha za bata kwa simu ambayo hakuwahi kuielewa vizuri, yeye anamwambia kidole chake kimeziba kioo. Binti yake aliwahi kumuuliza kama kuna kitu alikitaka maishani na hakukipata. Alifikiri kwa makini, maana hakuwa mtu wa kujibu ili kumridhisha aliyeuliza. Mwishowe alisema angependa kujua kuimba.

Mwaka 2021 alianza kuishiwa pumzi akipanda ngazi, na miguu ikawa inavimba jioni. Vipimo vilionyesha kwamba moyo wake ulikuwa umechoka na hausukumi damu inavyotakiwa. Tunajua kwamba msibani kumekuwa na minong'ono kuhusu dawa ya magugu. Yeye mwenyewe aliisikia ile ile hospitalini, akamuuliza daktari bila kuzungukazunguka. Daktari alimweleza kwamba ugonjwa huu ulikuwemo upande wa mama yake, na kwamba kwa jinsi alivyokuwa akivaa kazini haoni sababu ya kuilaumu dawa. Marehemu alimshukuru, halafu akamuuliza kama anaweza kumwapia. Daktari alisema hapana. "Umejibu vizuri," alimwambia. Akarudi nyumbani na dawa za kumeza, akazimeza kwa wakati, akaongeza miaka mitatu ambayo hakuna aliyekuwa ameiahidi.

Katika miaka hiyo alihudumiwa na mumewe, aliyejifunza kupika akiwa na zaidi ya miaka sabini na kumlisha majaribio yake yote. Shoga yake mwalimu alikuja kila Jumamosi kumpa habari za bembea, nani kaja na nani kaleta visingizio. Alipolazwa mara ya mwisho mwezi wa Mei aliomba arudishwe nyumbani, akisema hospitali ni pazuri ila pana kelele za watu wanaonong'ona. Alirudishwa.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, alikunywa chai nusu kikombe akiwa ameegemea mito. Mumewe alikuwa akinyoa ndevu mbele ya kioo kidogo cha dirishani, kama alivyofanya kila siku ya ndoa yao. Marehemu alimtazama kwa muda, akasema, "Umeacha hapo, chini ya kidevu." Mume akarudi kwenye kioo, akapitisha wembe, akafuta povu. Alipogeuka kumwonyesha, mkewe alikuwa ameshaondoka. Baadaye alituambia kwamba amewahi kupiga picha nyuso za watu maelfu, na hajaona uso uliotulia vile.

Marehemu ameacha mume, mwenzake kwa miaka thelathini na saba. Ameacha mtoto wa kiume ambaye ni fundi wa friji, na mkwe wa kike aliyempenda waziwazi kuliko alivyotakiwa kumpenda mkwe. Ameacha binti wa dada yake, mwalimu, ambaye kwake marehemu hakuwa mama mdogo tu bali mama. Ameacha wajukuu watano, na wa sita yuko njiani; habari zake alizipata kwa wakati, na alicheka peke yake siku nzima. Ameacha shoga yake wa kufa na kuzikana, majirani aliowafagilia bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake wa bustani ya manispaa.

Tunamshukuru Mungu kwa miaka sabini na mmoja aliyotupatia naye. Ampokee mja wake, ampe raha ya wale waliomaliza kazi yao, na mgongo wake upumzike kwa amani.